Ule Mkono Usiouona

9 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Leo naanza na jambo lenyewe, salamu zifuate, maana najijua: nikianza na salamu nitasalimu mpaka karatasi iishe na jambo nirudi nalo tumboni. Sijamwambia mtu mwingine, si baba, si bibi, si Mwalimu. Jicho langu la kushoto haliko sawa.

Ilianza wiki ile tuliyomaliza mitihani. Nilirushwa vibaya kwenye mazoezi ya judo, sikuwahi kuupiga mkeka kwa mkono kama ulivyotufundisha, kichwa kikatangulia. Niliinuka, nikafunga mkanda upya, nikaendelea. Jioni nikaanza kuona vimulimuli pembeni, kama mtu anawasha kiberiti na kukizima nyuma ya sikio langu. Baadaye vikaja vidoa vyeusi, kama masizi yanayoelea. Sasa vimulimuli vimekoma. Nilifurahi nikadhani nimepona, kumbe pale pale vilipokuwa pameingia kivuli. Kiko kwenye kona, upande wa nje. Nikifunga jicho la kulia nikamtazama bibi, namwona bibi bila bega.

Haliumi. Hilo ndilo linalonichanganya. Kitu kisichouma unakwenda kumwambia nani?

Nakuandikia kwa sababu simu ya baba unaijua. Spika yake haizimiki, ukimnong'oneza mtu, mtaa mzima unaitikia. Na kwa sababu wewe umeumia mara nyingi kuliko watu wote ninaowajua, na bado ukashinda.

Sasa salamu. Baba ni mzima. Karakana ina makochi matatu ya kuvalishwa upya na anafanya kazi mlango wazi ili kila mteja asikie habari za mchuano wa Mei. Anawaambia mshindi wa uzito mdogo anachukuliwa kambini unakofundisha wewe, dada yake, anapewa sare, malazi na mshahara. Anasema "mshindi" kisha ananitazama, na mteja naye ananitazama, nami nakwenda kutafuta kitu chumba cha nyuma hata kama hakuna kitu. Bibi anasema nikuambie kwamba hajafa, kwa hiyo usijifanye una shughuli. Mwalimu bado ndiye mwenye funguo za ukumbi. Mikeka miwili imepasuka pale kati na baba ameishona kwa uzi wa makochi, haipasuki tena milele, ila inakwaruza.

Tangu mama atutoke, mambo kama haya nilikuwa nayaleta kwako ulipokuwa hapa, tukikunja mikeka. Nayaleta tena. Baba akijua, mchuano umekwisha kabla haujaanza. Na yule msichana wa klabu ya ng'ambo ya reli, wanayemwita Nguzo, ndiye atakayekwenda.

Nifanyeje?

Mwanao,
Sisimizi


18 Machi

Sisimizi wangu,

Marahaba. Barua yako ilikuja na kifurushi cha basi, ikakaa kwa mlinzi wa lango mpaka alipokumbuka kwamba mimi naishi hapa. Usinihesabie ukimya. Hapa simu tunakabidhi Jumatatu na kurudishiwa Jumapili, na Jumapili yenyewe mtu analala kama gunia.

Mwambie mama yangu kwamba nami sijafa, nimebanwa tu, na kwamba ulimi wake haujazeeka hata kidogo. Mwambie kaka kwamba lile koti alilonishonea kola kwa uzi wa makochi bado linawakata vidole wasichana wangu, wananiomba nisilivae tukishikana. Mwalimu msalimie, umwambie afagie chini ya jukwaa, najua hafagii.

Mimi niko salama. Chumba changu kina dirisha linalotazama ghala, asubuhi nasimama hapo na kikombe nikiwahesabu wasichana wanaokimbia kulizunguka, nione nani anakata kona. Wakubwa wangu wa hapa ni watu wa kuuliza. Kila wiki ni lile lile: "Kocha, yuko wapi wa uzito mdogo?" Nawaambia anakuja, ni damu yangu. Wanaliandika, na mkataba wangu umefungwa kwa ahadi hiyo.

Acha nikusimulie kitu ambacho baba yako hukisimulia vibaya. Fainali yangu ya mwisho, unayoijua kwa picha ile ya sebuleni. Goti langu la kushoto lilikuwa limejaa maji, naweza kulibonyeza likarudi kama godoro. Nikachukua bandeji nikafunga goti la kulia, zima kabisa, nikalizungushia mpaka likavimba. Kwenye kupasha misuli nikapandisha suruali nijikune, ili yule dada aione vizuri. Basi alilikamia goti lile lililofungwa dakika zote, anapiga kulia, anapiga kulia, nami nilikuwa namngoja hapo hapo. Alama kamili. Refa aliinua mkono juu na mimi bado nacheka moyoni.

Ndiyo michezo, mwanangu. Hakuna aliyewahi kupanda mkekani mzima. Anayeshinda ni yule anayejua kibovu chake kiko wapi.

Sasa tuje kwenye kazi. Wengi hutumia kulia, na huyo Nguzo, nimemwona, ni wa kulia. Mkono wake wa kulia utakuja kwenye kola yako, upande wako wa kushoto. Ule mkono usiouona, huo ndio uushike kwanza. Shika mkono wa koti karibu na kifundo, kunja kitambaa ndani ya kiganja, usiachie hata ukirushwa. Ukishaushika huna haja ya kuuona, utakuambia wenyewe unataka nini. Judo ni vidole. Macho ni ya watazamaji.

Fanya mazoezi umefunga kitambaa machoni. Mwalimu akiuliza, ni agizo langu.

Shangazi yako


4 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini goti halikusumbui na mlinzi wa lango anakumbuka kwamba upo. Sisi ni wazima. Baba amepata kazi ya viti vya ukumbi wa sherehe, vingi, vyekundu vyote, nyumba nzima ina pamba mpaka kwenye sukari. Bibi amekusikia kuhusu ulimi wake, akasema ulimi ni kiungo pekee alichonacho ambacho hakijamdai dawa. Siku hizi ananiita kuku. Anasema natazama vitu kwa upande mmoja, kama kuku aliyeona punje. Watu hucheka, nami nacheka.

Mwalimu alishangaa nilipofunga kitambaa. "Nani kakufundisha uchawi huu?" Nikamwambia ni wewe. Akasema, "Yeye hakuuhitaji." Kisha akaniletea wavulana mmoja mmoja. Ni kweli ulivyosema. Mwanzoni nilikuwa napapasa hewa kama mtu anayetafuta swichi ya taa, sasa mkono unakwenda wenyewe. Nikishaukamata ule mkono wa koti nasikia kila kitu. Nasikia mtu akivuta pumzi ya kurusha kabla hajajua mwenyewe kwamba atarusha. Jana nimemrusha yule mkubwa anayesaidia kubeba mikeka. Alilala pale akitazama dari, akasema, "Huyu haoni, na ananiona."

Nilikwenda chooni nikakaa humo kidogo.

Shangazi, barua yako niliisoma nikitafuta jibu la lile nililokuuliza. Kisha nikaona labda umejibu. Labda hiyo ya mkono usiouona ndiyo jibu. Lakini sina hakika, na mimi si mtu wa kuelewa mambo yasiyosemwa, shuleni pia walinicheka kwa hilo.

Kivuli kimepanda. Sasa namwona bibi nusu. Kingo zake zinacheza, kama pazia mlango ukiwa wazi.

Nina maswali mawili, usikasirike. La kwanza: ulipomrusha yule dada kwenye fainali, goti likawaje baadaye? Baba husimulia mpaka refa anapoinua mkono, kisha anasema chai imepoa. Hakuna anayesimulia kuanzia hapo. Najua tu kwamba baada ya picha ile hakuna picha nyingine yako ukiwa na koti, mpaka zile za ukocha.

La pili ni fupi. Niende hospitali sasa, au ningoje mchuano upite? Niandikie neno moja tu. "Nenda" au "ngoja." Nitafuata.

Mwanao,
Sisimizi


29 Aprili

Sisimizi,

Marahaba, na salamu kwa wote. Naandika haraka, gari la kambi linaondoka na dereva ananipigia honi kama ameniajiri.

Nitakuja mwenyewe kwenye mchuano pamoja na wakubwa wangu. Usile chochote cha ajabu wiki hiyo. Kata kucha.

Kambini tuna daktari wetu, mzuri, na mwanakambi hatozwi. Ukishaingia utaangaliwa kichwa mpaka unyayo. Kila kitu kina zamu yake, na zamu ya sasa ni moja.

Tusiandikiane tena mpaka tuonane. Akili iwe mahali pamoja.

Shangazi yako


12 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Baba hajambo. Bibi ana kikohozi lakini anakitumia vizuri, akitaka kitu anakohoa mara mbili. Naandika polepole kwa sababu jicho la kulia nalo limefanyiwa kazi na bado linatoa machozi, kwa hiyo mistari ikipanda unisamehe.

Nitaanza na siku ile, maana mliondoka mapema na hatukuongea.

Pale kwenye mizani nilikuwa kwenye foleni, miguu mitupu, nimeshika viatu. Ulikuja ukanikumbatia, ukanuka dawa ya misuli kama zamani, nikataka kulia. Kisha ukazunguka nyuma yangu ukaja upande wa kushoto. Uliinua mkono taratibu mpaka karibu na shavu langu, kama mtu anayetaka kuniondolea uzi. Sikuuona. Nilijua tu uliponigusa, nikagutuka mpaka kiatu kikaanguka.  Msichana aliyekuwa nyuma yangu alikiokota kiatu, ndiye aliyenisimulia baadaye ulivyouinua. Kisha ukaniuliza, "Vidole viko tayari?"

Nikasema viko tayari.

Ukasema, "Basi."

Fainalini nilikutana na Nguzo. Ni mfupi kuliko nilivyodhani, na ana sura ya mtu aliyeamshwa. Tulipoinamiana niliuona mkono wake wa kulia ukiwa umening'inia, halafu refa akasema anza, ukapotea. Nikaenda kuuchukua pale ulipopaswa kuwa na nikaukuta. Sikuuachia tena. Alinipeleka pembeni, akanirudisha, akanipiga miguu, akanining'iniza mpaka vidole vya miguu vikaacha mkeka, nami nimeshika kitambaa tu. Alikuwa mzito kila mahali isipokuwa kwenye ule mkono. Nikasikia anavuta pumzi. Nikaingia chini yake.

Mgongo wake ulipogonga mkeka nilimsikia baba juu ya watu wote. Hakuita jina langu. Aliita jina la marehemu mama.

Wakubwa wako walinipa mkono. Mmoja alisema, "Kocha, kumbe ulikuwa unasema kweli." Ulicheka. Nadhani hukuona kwamba nilipoinama kumuaga Nguzo niliinamia pembeni yake. Pazia lilikuwa limefungwa lote. Lilifungwa wakati naanguka naye, bila sauti, bila maumivu.

Baada ya siku chache baba alikuwa anavalisha kochi, mimi nimevuta kitambaa kwa mikono miwili ili yeye apige misumari. Alipomaliza akaninyooshea nyundo kutoka kushoto akaiachia, kama tunavyofanya siku zote, ikaangukia mguu wangu. Alidhani ninafanya mzaha. Akaokota, akaninyooshea tena. Kisha akaanza kuisogeza nyundo mbele ya uso wangu, huku na huku, na mteja amekaa pale kwenye stuli anatuangalia. Baba alimwambia mteja, "Ndugu yangu, leo nafunga."

Daktari ni kijana na anaongea taratibu. Alisema ngozi ya ndani ya jicho imebanduka, kama rangi inavyobanduka kwenye ukuta wenye unyevu, inaanza kona moja na unyevu unaingia nyuma yake. Baba akauliza kama wanaweza kuibandika. Daktari akasema, "Angekuja wakati wa vimulimuli, ni kazi ndogo. Angekuja kilipoanza kivuli, tungejaribu. Sasa hivi imejikunja, mzee. Tunalinda lililobaki." La kulia nalo lina mahali palipokonda, wamepachoma kwa mwanga ili pasichanike. Nisirushwe tena, nisirushe, nisibebe mizigo, nisigongwe kichwa. Nilimuuliza kwa muda gani. Akaangalia kalamu yake, akasema, "Kwa muda wote."

Aliuliza kivuli kilianza lini, nikasema Februari. Baba alikuwa amekaa karibu nami. Nilimsikia akirudia kwa kunong'ona, Machi, Aprili, Mei. Njiani alitembea upande wangu wa kushoto ili magari yasinipate. Tulipofika mlangoni akaniuliza, "Nani mwingine alijua?"

Sijamjibu. Anangoja. Hanisumbui, ila kila akiweka chai mbele yangu anakaa kidogo zaidi.

Niambie nimjibu nini.

Mwanao


5 Julai

Kwako binti wa kaka yangu,

Salamu kwako, kwa baba yako na kwa mama yangu. Nimezipokea habari zako kwa mshtuko mkubwa na huzuni isiyo na mfano. Laiti ungeniambia mapema. Ningekuwa mtu wa kwanza kukuzuia. Sisi makocha tuna kanuni, afya ya mchezaji ni kwanza, na katika miaka yangu yote ya ukocha sijawahi kumruhusu mchezaji yeyote kupanda mkekani nikijua ana jeraha. Ninyi vijana mnatuficha mambo kwa kupenda ushindi, kisha lawama zinatuangukia sisi tuliowalea.

Uongozi wa kambi unakupa pole. Kwa kuwa nafasi haiwezi kukaa wazi, amechukuliwa yule msichana uliyemshinda. Ana mwili wa kazi na mkono mzuri wa kulia, nadhani atatufikisha.

Zingatia maagizo ya daktari. Msaidie baba yako. Maisha si judo peke yake, mimi mwenyewe siku hizi ngazi za bwenini nazipanda kwa kushika ukuta, na nimezoea.

Msomee baba yako barua hii.

Shangazi yako


20 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Baba ni mzima. Bibi amepona kikohozi lakini hajakiacha, anasema kimemzoea. Mwalimu amenipa watoto wadogo wa Jumamosi, nikae kwenye kiti niwafundishe kuanguka kwa maneno. Ni vigumu kufundisha kuanguka umekaa. Siku nyingine nipo karakana. Baba amenipa kazi ya kupitisha uzi chini ya viti, mahali ambapo hata yeye haoni, anapapasa tu. Anasema nina vidole. Akishasema hivyo hutoka nje kidogo.

Nilimsomea barua yako kama ulivyoagiza. Alikuwa na misumari mdomoni. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaitoa mmoja mmoja akaipanga kwenye mkono wa kochi.

"Kumbe hakujua," akasema.

"Hakujua," nikasema.

"Ningemuua."

"Hakujua, baba."

Aliketi kwenye stuli. Halafu akasema, "Maskini dada yangu. Atakuwa hali chakula." Bibi alikuwa mlangoni. Yeye hakusema kitu, na unajua bibi si mtu wa kukosa la kusema. Alinitazama mimi, akaitazama barua, akaenda zake jikoni.

Usinishukuru. Sikufanya kwa ajili yako. Baba ana dada mmoja tu, na mke wake alishamzika. Nimepiga hesabu ya anachobaki nacho nikaona sina haki ya kumpunguzia. Mimi na wewe tunajua niliandika nini mwezi wa pili na ulijibu nini mwezi wa tatu. Kuhusu hilo sitakuandikia tena. Nilikuomba neno moja nawe ulikuwa nalo.

Ninalokuandikia leo ni lingine, na tafadhali lisome limalizike.

Nguzo ana bega bovu. La kulia. Umeandika ana mkono mzuri, na kwa macho ni mzuri. Lakini mimi nilikuwa nimeushika ule mkono pambano zima na sikuwa na kitu kingine cha kutazama. Kila nilipouvuta juu, bega lilitangulia kutoka, ndipo mwili ukafuata, kama mguu wa kiti ulioachia gundi, unaukalia na unasimama, ila ukiunyanyua unabaki na mguu mkononi. Alipoanguka aliukumbatia kabla hajakumbuka kwamba ameshindwa. Kisha akasimama akaupungia umati mkono wa kushoto, akitabasamu. Nilijua tabasamu lile. Nilikuwa nalo mimi usoni wakati ule ule.

Sijui kama amekuambia. Nadhani hajakuambia, maana wewe ni kocha wake na si shangazi yake. Pengine amemwandikia mtu wa kwao mbali, na mtu huyo anatafuta maneno ya kumjibu.

Mwite. Funga mlango wa chumba chako, ule wenye dirisha la ghala. Muulize kuhusu bega. Atasema hapana. Muulize tena, kwa upole, uketi, usisimame mbele yake kama unavyosimama. Akishakubali, usimsimulie habari za bandeji. Usimwonyeshe namna ya kushika kwa kushoto. Mpeleke kwa yule daktari wenu siku hiyo hiyo, na usitoke mlangoni mpaka umesikia kwa masikio yako anachosema. Wakubwa wakikuuliza yuko wapi wa uzito mdogo, waambie hayupo. Watakufukuza, labda. Karakana ina stuli ya ziada na baba atafurahi sana kukuona.

Usipofanya hivyo, nitamwandikia yeye mwenyewe. Barua zitafika, mlinzi wa lango akikumbuka.

Nina ombi moja. Usimwambie kwamba habari hizi zimetoka kwangu. Nilimshinda mbele ya watu wake, na sasa namtolea siri ambayo hakunipa, niliikuta tu mkononi mwake. Akijua, hatamwamini tena mtu yeyote atakayemshika. Mwambie uliona mwenyewe. Mwambie wewe ni kocha wa zamani na macho yako hayakosei. Hilo, Shangazi, libaki kati yangu na wewe.

Sisimizi